Kreatini: nilivyozunguka aina tatu nikarudi kwenye ya kwanza

Kreatini ni kirutubisho wanachotumia wafanya mazoezi ili misuli ipate nguvu zaidi. Nilianza na aina ya monohaidreti, ule unga mweupe wa kawaida. Maelezo ya kopo yalisema gramu 20 kwa siku kwa siku tano za mwanzo, nami nikayafuata. Tumbo lilinisokota, nikaharisha, nikaamua aina hiyo hainifai.

Nikahamia haidrokloridi. Kweli inayeyuka vizuri mno, unakoroga mara mbili tu na maji yanabaki maangavu, ingawa ina ukakasi mdomoni. Kopo lilidai kijiko kidogo cha gramu moja na nusu kinatosha kwa sababu inafyonzwa zaidi. Hapo ndipo nilipopotea. Kuyeyuka kwenye glasi si sawa na kufika kwenye misuli. Monohaidreti yenyewe hufyonzwa karibu yote. Hiyo "zaidi" itatoka wapi? Nikapiga hesabu ya uzito: monohaidreti ni kreatini takriban asilimia 88, iliyobaki ni maji. Haidrokloridi ni kama asilimia 78. Kumbe miezi yote ile nilikuwa napata chini ya nusu ya kreatini ambayo ningeipata kwenye gramu 3 za unga wa kawaida, tena kwa bei ya juu. Kwenye mazoezi sikuona tofauti yoyote, na sasa najua sababu.

Vidonge vya esta ya ethili sikuvimaliza. Aina hiyo huvunjika upesi na kuwa kreatinini, yaani taka ambayo figo huitoa kwenye mkojo.

Nimerudi kwenye monohaidreti iliyosagwa laini, gramu 5 kila siku baada ya kula, bila ile dozi kubwa ya mwanzo. Misuli huchukua wiki tatu au nne kujaa badala ya moja, lakini tumbo limetulia kabisa. Kosa halikuwa la aina, lilikuwa la kiasi. Mwezi wa pili nilianza kuongeza marudio mawili kwenye kuchuchumaa na uzito, na mizani ilipanda kilo moja na ushee, maji yanayoingia ndani ya misuli.

Ukienda kupima figo, mwambie daktari mapema kwamba unatumia kreatini, maana kreatinini ya damu huweza kupanda kidogo hata figo zikiwa nzima. Mwenye ugonjwa wa figo aanze kwa daktari kabla ya kununua.

Chenga hubaki chini ya glasi. Naongeza maji kidogo, nazungusha, namalizia.