Sambari wa India na sambari wa Taiwan

Kwa kimo hakuna ubishi: kati ya sambari wote, kulungu hawa wa Asia, wa India na Sri Lanka ndiye mkubwa zaidi. Dume lililokomaa huweza kupita kilo 300, na pembe zake zinakaribia mita moja, kwa kawaida zikiwa na ncha tatu kila upande. Pembe hizo hudondoka na kuota upya, tofauti na za pofu wetu, ambazo ni za maisha.

Wa Taiwan ni mdogo, pembe zake fupi, na makao yake ni milimani, mara nyingi juu ya mita 1,500. Huko hakuna chui milia. Kule India chui milia ndiye adui mkuu: katika hifadhi ya Ranthambore sambari huingia ziwani hadi kifuani kula majani ya majini, masikio yakicheza. Akinusa hatari, hupiga kwato chini na kutoa mlio mmoja mkali. Waongoza watalii wanauamini kuliko macho yao.

Wa Taiwan, binadamu ndiye alimmaliza mabondeni, na hadi leo anafugwa kwa ajili ya pembe changa za dawa. Kwa kumtazama, ningechagua Ranthambore.