Bendi za mazoezi za mkononi: nunua ya bei rahisi, kalori zake achana nazo

Watu wananiulizaga sana hiki kidude mkononi kina faida gani ama ni urembo tu. Jibu langu ni nunua, ila nunua ile ya bei ya chini na ujue kabisa inaweza nini na haiwezi nini, maana hapo katikati ndo watu wanapigwa hela.

Mi navaa Xiaomi Smart Band 8, ya 2023, kioo cha inchi 1.62, unaoga nayo, unaogelea nayo, na chaji inavuka wiki bila presha hata ukiwasha mapigo ya moyo muda wote. Kwa chini ina vitaa vya kijani, damu inafyonza ule mwanga, kwa hiyo kila moyo ukidunda mwanga unaorudi unabadilika na bendi inahesabu. Ndo maana ikilegea namba zinarukaruka, ukikimbia ipandishe juu kidogo ya kifundo cha mkono na uikaze.

Sasa hatua. Bendi yoyote ya mkononi haisomi miguu jamani, inasoma mkono unavyocheza. Songa ugali wa watu kumi uone, umesimama palepale mbele ya jiko unapewa hatua za bure, kufua hivyohivyo, na bodaboda kwenye barabara ya mashimo nayo inakupigia jeki. Alafu ukisukuma toroli supamaketi unatembea kweli ila mkono umetulia, hupati kitu. Kwa hiyo usigombane na hatua mia mbili, angalia wiki hii na wiki iliyopita basi. Na ile 10,000 inayowaumiza watu kichwa ilianzia kwenye biashara, Japani 1965, walikuwa wanauza kifaa cha kuhesabia hatua. Utafiti wa Marekani wa 2019 kwa kina mama watu wazima wa miaka sabini na kitu ulikuta wanaofika kama 4,400 kwa siku vifo vyao ni vichache kuliko wa 2,700, na faida inaongezeka mpaka kama 7,500 hivi alafu inatulia.

Kalori sasa, hapo hapana. Chuo kikuu cha Stanford cha Marekani walipima vifaa saba 2017, kwenye mapigo ya moyo, sita kati yake vilikuwa karibu kabisa na ukweli, ila kalori hata kilichofanya vizuri kuliko vyote kilikosea kwa 27% na cha mwisho 93%! Yaani mtu anaambiwa amechoma 600, anatoka kwenye jogingi anapitia supu na chapati mbili kwa amani kabisa, kumbe huenda amechoma kama nusu yake tu. Kuna majaribio mengine ya Chuo Kikuu cha Pittsburgh yalitoka 2016, watu wote walikuwa kwenye programu ya msosi na mazoezi, baada ya miezi 24 waliopewa kifaa cha kuvaa walipungua kilo 3.5, ambao hawakupewa 5.9. Kama shida yako ni kitambi tu, hela hiyo nunua raba.

Zile saa za "inapima presha na sukari" zimejaa Kariakoo, nilijaribu moja dukani, nikaivua nikaifunga kwenye chupa ya maji, ikaipa chupa presha 118 kwa 76. Muuzaji wala hakushtuka, "hiyo braza inategemea na mtu". Sukari ndo usiguse kabisa, FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, Februari 2024 walitoa onyo kwamba hawajaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi, na mtu akipiga insulini kwa namba ya uongo anaweza kufa. Kama una mzee nyumbani ana presha mnunulie mashine ile ya kufunga juu ya kiwiko.

Usingizi iko poa kwenye saa ya kulala na ya kuamka, ile michoro ya usingizi mzito na mwepesi mi siitilii maanani. Ninachokipenda kuliko vyote ni alamu ya kutetemeka, unaamka alfajiri mwenzio haamki, hiyo peke yake kwangu imerudisha hela.

Wale wa Coco Beach mpaka Daraja la Tanzanite mnaojiandaa na Kili Marathon, hii Band 8 haina GPS yake ya kupima umbali, inategemea ya simu, kwa hiyo lazima ukimbie na simu. Nyie tafuteni kitu kama Garmin Forerunner 55, bei imechangamka ila GPS iko humohumo.

Ukienda kununua, iunganishe na simu yako palepale kwenye Mi Fitness, ile app yake, kabla hujatoa hela, ikigoma iache hapohapo. Na chaja yake usiipoteze, ni kawaya kake ka sumaku, Type-C ya simu haiingii.