Duka la kopi la Langoni, Lamu: maoni ya mwalimu wa Gredi ya 4

Duka ninaloingia mara nyingi zaidi mjini Lamu, hata kuliko la unga, ni la kutoa kopi. Liko Langoni, ndani kidogo ukitoka Usita wa Mui, njia kuu ya mji, kwenye kichochoro ambacho punda wawili wakikutana lazima mmoja arudi nyuma. Halina bango. Kuna meza, kompyuta moja, mashine mbili na mwenyewe, mzee ambaye walimu wote tunamwita Ami. Naenda pale tangu 2019, na naandika kwa sababu kila muhula walimu wageni waliopangiwa huku huniuliza wachapishe wapi.

Kopi ni shilingi 5 ukurasa. Kuchapisha kutoka kwenye simu au flashi ni 10, na rangi ni 30. Bei hizo utazipata na kwingine. Mimi narudi kwa Ami kwa sababu anasoma anachochapisha.

Januari 2024 nilinunua maazimio ya kazi, yaani mpango wa mafunzo ya muhula wiki kwa wiki, kutoka kwa mtu anayeuza kwenye kundi la walimu la WhatsApp, shilingi 300 kwa masomo yote ya muhula. Nikamtumia Ami faili, nikakaa kwenye kibao kusubiri. Akafungua, akateremsha kurasa polepole, kisha akaondoa mkono kwenye kipanya.

"Mwalimu, hii ina Kilimo mbali na Sayansi Kimu mbali. Wenzio waliokuja jana wameleta Kilimo na Lishe, kitu kimoja. Hebu uliza kwanza, usije ukatia karatasi hasara."

Nikapiga simu shuleni. Kweli, masomo ya Gredi ya 4 hadi ya 6 yalikuwa yamepunguzwa kutoka 12 hadi 8. Muziki, uchoraji na michezo vimetiwa chungu kimoja, Sanaa Bunifu. Faili langu lilikuwa na kurasa 96 za ratiba iliyokwisha kuondolewa. Yule muuzaji hakushika simu yangu tena, na zile 300 nikazisamehe. Lakini 960 za kuchapisha zilibaki mkobani, na zilibaki kwa sababu mzee ambaye si mwalimu alijali kuliko aliyeniuzia.

Masomo kupunguzwa nilikufurahia. Masomo 12 yalikuwa mengi kwa mtoto wa miaka kumi, na mengi zaidi kwa mwalimu mmoja anayeyafundisha karibu yote. Uchungu wangu ni kwamba kila agizo likitoka Nairobi hunifikia mimi kama karatasi: maazimio mapya, andalio jipya la somo, rekodi mpya ya kazi, fomu mpya ya tathmini. Mgao wa serikali ni shilingi 1,420 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka mzima, na ukichelewa, karatasi hizo hutoka kwenye mshahara wangu. Mwaka 2025 CBC, mtaala wetu wa umilisi, ilipogeuzwa jina ikawa CBE, nilikuta walimu watatu foleni moja wanabadilisha vichwa vya karatasi zao, hakuna kingine. Ami aliwafanyia bila malipo. Alisema hawezi kumtoza mtu pesa kwa herufi moja.

Wakati mgumu zaidi ni wa tathmini ya shuleni. Matokeo ya Gredi ya 4 huhesabiwa asilimia 20 katika alama za mwisho za mtoto akifika Gredi ya 6, kwa hiyo si jambo la kuchezea. Karatasi tunazipakua kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani, tunachapisha wenyewe, tunasahihisha, kisha tunapandisha alama huko huko kwenye tovuti. Darasa langu lina watoto 58 na shule iko upande wa bara. Mwaka jana nilivuka kuja mjini na flashi, nikafika Magharibi imeshaadhiniwa. Ami alikwenda kuswali, akarudi, tukachapisha hadi baada ya Isha.

Hapo ndipo nilipoiona kazi yake kwa karibu. Karatasi za hapa hunywa unyevu wa bahari, zikaingia mashinani mbilimbili na kukwama. Yeye rimu zake huziweka kwenye ndoo yenye mfuniko. Akitoa fungu, hulipepea karibu na taa, huligonga mezani pande zote nne mpaka likae sawa, ndipo hulitia mashinani. Kurasa mia kadhaa usiku ule, na haikukwama hata moja. Mwisho alinifungia mzigo kwa kipande cha turubai na kamba, maana boti ya asubuhi ya kwenda Mokowe, upande wa bara, hurusha maji ya chumvi mpaka mapajani.

Kasoro zipo. Umeme ukikatika hana jenereta, na hakuna la kufanya ila kungoja. Kadi anazozitia plastiki hutoka na mapovu pembeni. Ijumaa hufunga kabla ya adhuhuri na hafungui mpaka alasiri. Safari moja ukurasa wa 7 ulikosekana kwenye kila nakala ya mtihani wangu wa Kiswahili. Aliurudia bure, lakini niliugundua nikiwa darasani, na siku hiyo niliandika maswali ubaoni.

Kuna kijana wa kutoka Bungoma, mwalimu wa mafunzo wa sekondari ya chini, mkataba wake ni wa shilingi 20,000 kwa mwezi. Gredi ya 7 ililetwa kwenye shule zetu za msingi 2023, naye anafundisha sayansi bila maabara, kwa hiyo huchapisha michoro ya kila jaribio na kuibandika ukutani. Ami humwandikia deni kwenye daftari hadi mwisho wa mwezi. Sijamsikia akimdai mbele ya watu.

Nampa nyota nne kati ya tano. Ya tano ni ya umeme. Nenda Jumatatu au Jumanne baada ya alasiri, usingoje wiki ya kufungua shule. Beba flashi, mtandao wa pale ni wa kubahatisha. Na akikuuliza, "Hii ni ya mwaka gani, Mwalimu?", fungua mutazame pamoja kabla hajawasha mashine.