Fundi fremu wa Moshi aliyetutunzia medali za Mama

Mama alifundisha jiografia sekondari mpaka alipostaafu, na hapo ndipo mbio zilipokolea: Kilimanjaro Marathon pale Moshi, kisha mlima wenyewe kwa njia ya Marangu, yaani kambi za Mandara, Horombo na Kibo, hadi kilele cha Uhuru, mita 5,895. Alipofariki tulibaki na mfuko mzima wa medali. Tukampelekea fundi fremu mmoja karibu na soko, mjini Moshi.

Hakukimbilia kupima mbao. Alizimwaga mezani, akauliza ipi ilikuwa ya kwanza, akaiweka juu, nyingine zikafuata mwaka kwa mwaka. Riboni amezishona kwa mkono kwenye kitambaa cheusi, bila gundi. Namba ya kifuani ameiacha na mikunjo yake na matundu ya pini. Hilo lilinigusa mno. Cheti cha kileleni kimekaa chini, kinasomeka vizuri.

Kasoro ni kioo, kinaakisi mwanga sana mkabala na dirisha. Fremu nayo ni nzito, inataka misumari ya zege. Shilingi 90,000 ni halali yake. Mpe wiki nzima, kazi yote anaifanya mwenyewe.