Uzoefu wangu na data za Gaia: nimejaribu kupima uzito wa kibete cha kahawia nikiwa Kigoma

Wakuu habari za saa hizi. Niko Kigoma, mwisho wa reli, maeneo ya Mwanga, nina kibanda cha steshenari, naprinti na kutoa kopi, jioni wateja wakipungua naingia kwenye mambo yangu ya nyota. Miezi kama mitatu sasa natumia data za Gaia, ile setilaiti ya shirika la anga la Ulaya iliyorushwa Desemba 2013 ikapima nyota mpaka Januari 2025, na nimeona niseme kidogo maana kila nikimwambia mtu ni bure anaona napiga fiksi. Ni bure kweli. Hata kujisajili sio lazima, unaingia unachukua.

Kilichonipeleka huko ni vibete vya kahawia. Ni vitu vilivyoshindwa kuwa nyota, uzito wake unaanzia kama wa Mshtarii 13 hivi (Mshtarii ndio ile sayari Jupita) mpaka 75 au 80, ukivuka hapo haidrojeni inashika moto wa kudumu na hiyo sasa ni nyota kamili. Tatizo lake vinapoa. Chukua jiko la mkaa, ukiona kaa jekundu gizani huwezi jua ni kipande kidogo kimeshika sasa hivi au ni likubwa liliwashwa tangu magharibi. Kwa hiyo anayekadiria uzito kwa mwanga lazima kwanza ajue umri, umri ukikosewa uzito nao umekwenda, na kwenye nyota changa ndo balaa maana huko mwanga unashuka haraka zaidi. Mama yangu anauza dagaa Kibirizi, hili analijua kuliko mimi, anayenunua gunia kwa macho huwa analia akifika kwenye mizani.

Sasa mizani ya huku ni mwendo. Kaa ufukweni uone mtumbwi uko mbali unayumba, unajua kuna mtu ndani anahamahama hata kama humuoni, na ukiyumba sana ujue huyo sio mtoto. Nyota yenye kibete nayo inayumba hivyo hivyo. Setilaiti ya zamani, Hipparcos, ilipima mahali zilipo nyota kati ya 1989 na 1993, Gaia ikaja kurudia, kati ya vipimo vyao kuna karibu miaka 25, basi unachukua ilipokuwa kule na ilipo sasa unapata mwendo wa wastani, halafu unalinganisha na mwendo ambao Gaia yenyewe imeuona kwa miaka yake michache. Vikitofautiana kuna kitu kinaivuta. Tofauti yenyewe ni ndogo aisee, kwa nyota zenye mwanga mzuri Gaia inapima kama mtu aliye Kigoma anaangalia unene wa unywele ulioko Dar.

Mimi nilichagua PZ Tel, nyota changa ya miaka milioni 24 hivi, kibete chake kilionekana kwenye picha 2010. Njia nyingine ya kupima, ya kuangalia nyota inavyosogea na kurudi kwa kutumia mwanga wake, hapa inasumbua kwa sababu nyota changa zina madoa na zinajizungusha mbio, hii inamaliza mzunguko kabla siku haijaisha, kwahiyo namba zinachafuka. Ndo maana nikakimbilia Gaia.

Kudanlodi hakukuniumiza, mstari mmoja wa nyota ni data kidogo mno, ila siku ya kwanza nilibonyeza kichwa kichwa nikachukua nyota zote za eneo zima na bando la wiki likakata saa hiyo hiyo, kosa langu hilo. Chagua safu unazotaka tu. Amri zake zinaandikwa kwa lugha yake ya maswali, Kiingereza kitupu, nilikaa nayo siku nne ndo nikaelewa. Kazi ilikuwa programu ya kukokotoa njia ya kibete, laptopu ilikesha inaunguruma, umeme ukakata saa tisa usiku, nikaanza upya.

Jibu? Waliofanya kitaalamu wametoa kama Mshtarii 27, lakini inaweza kupanda kwa 25 au kushuka kwa 9. Yangu ilitua humo humo ndani, na wala sijisifu, uwanja ni mpana mno. Kuna jamaa atasema hicho kipimo gani sasa, mi naona bora mizani inayokiri inatetemeka kuliko jicho lenye uhakika.

Tena mizani ikiwa kali inafumania. Gliese 229B, kibete kingine (hii sio changa), iligunduliwa 1995, ikaja kupimwa kwa mwendo ikatoa Mshtarii 71, wakati mwanga wake ni hafifu haufanani kabisa na uzito huo, watu wakakuna vichwa, kumbe 2024 ikaonekana ni vibete viwili, kimoja 38 kingine 34, vinazungukana kila siku 12. Gunia moja lenye samaki wawili.

Nachokilalamikia ni kwamba toleo la tatu la data za Gaia lililopo sasa kwa nyota nyingi linakupa jumla tu, sio kila kipimo cha kila siku. Toleo la nne linategemewa Desemba 2026 na humo vitakuwemo. PZ Tel nitairudia hapo, laptopu nimeshampelekea fundi abadilishe feni.