Chumba chenye Mandhari ya Ziwa: Uzoefu Wangu wa Kulala Kawaguchiko

Nilichelewa kuandika tathmini hii kwa sababu nilitaka hasira ipoe kwanza, na kwa kuwa majuma kadhaa yamepita nayo haijapoa, naona niandike hivyohivyo. Mwishoni mwa vuli, wakati majani ya momiji, miti ambayo majani yake huwa mekundu vuli, yalikuwa yanakaribia kupukutika, mke wangu alikuja kutoka Moshi kunitembelea huku Japani ninakosoma, nami nikampeleka Kawaguchiko, chini ya mlima Fuji, tulale usiku mmoja katika hoteli iliyo kando ya ziwa. Hoteli yenyewe sitaitaja, kwa kuwa kosa ninalolieleza huenda si lake peke yake, na pia kwa kuwa hadi leo sijaamua kama mimi ndiye ninayeidai au yenyewe ndiyo inayonidai.

Mambo yote yalianza na picha. Wakati wa kuweka nafasi niliona aina tatu za vyumba: visivyo na mandhari yoyote, vya upande wa ziwa, na vya upande wa mlima. Juu ya maelezo ya vyumba vya ziwa kulikuwa na picha nzuri sana: maji yametulia kama mafuta kwenye bakuli, na juu yake Fuji wenyewe, mita 3,776 za mlima, wenye theluji kileleni na kivuli chake kimelala ziwani. Nikajiuliza, kama dirisha la ziwa linaonyesha ziwa na mlima kwa pamoja, ni mtu gani atakayechagua chumba cha mlima pekee? Nikalipa ziada ya chumba cha ziwa, na ziada hiyo nikailipa mara mbili, kwa sababu hoteli za jadi za Kijapani, zinazojumuisha chakula cha jioni na kifungua kinywa katika bei, hutoza kwa kichwa wala hazitozi kwa chumba.

Sasa naomba msomaji anivumilie kidogo kwa jiografia ambayo, lau ningeijua, ingeniokolea yen zangu. Mlima Fuji uko kusini mwa ziwa Kawaguchi. Kituo cha treni, stendi ya mabasi yatokayo Shinjuku jijini Tokyo, maduka, na hoteli nyingi ambazo mgeni asiye na gari anaweza kuzifikia kwa miguu, navyo viko upande huohuo wa kusini. Kwa hiyo mtu akisimama ufukweni hapo na kulitazama ziwa, anatazama kaskazini, na Fuji uko kisogoni mwake. Ile picha iliyoniponza ilipigwa kutoka ng'ambo, ufuko wa kaskazini, mahali ambapo maji hukaa mbele na mlima hukaa nyuma yake. Hakuna dirisha la ziwa katika hoteli ile linaloweza kuona kilichomo katika picha ile, labda jengo zima ling'olewe na kugeuzwa.

Hayo yote niliyaelewa katika sekunde moja, mke wangu alipovuta pazia. Ziwa lilikuwapo, sikatai. Maji ya kijivu, mashua za watalii zenye umbo la bata maji zimefungwa gatini, na ng'ambo vilima vilivyoanza kuingia giza. Mke wangu alitazama kushoto, akatazama kulia, kisha akaniuliza kwa upole mkubwa kuliko nilivyostahili, "Baba watoto, mlima uko wapi?"

Sisi wa Moshi tumezoea mlima kujificha. Kilimanjaro, pamoja na mita zake 5,895, huweza kukaa siku nyingi nyuma ya mawingu na hakuna mgeni anayedai arudishiwe nauli. Lakini mlima uliofunikwa na wingu ni kazi ya Mungu, na mlima uliofunikwa na korido, lifti na stoo ya mashuka ni kazi ya mwenye hoteli. Nikashuka mapokezi.

Niseme wazi kwamba kijana wa mapokezi hakuwa na neno hata moja la utovu wa adabu, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Alinisikiliza mikono ikiwa imepangwa mbele, akafungua karatasi ya nafasi yangu, akaniwekea kidole penye maneno "upande wa ziwa", akaniuliza kama chumba nilichopewa hakitazami ziwa. Nikamjibu kuwa kinatazama ziwa. Akainama. Nikamwonyesha ile picha kwenye simu yangu. Akaitazama kwa makini, akasema kwamba ni picha nzuri ya ziwa Kawaguchi. Nikamwambia kuwa niko tayari kuongeza fedha nihamishiwe upande wa mlima. Akavuta hewa kati ya meno, akainamisha kichwa pembeni, akasema jambo hilo ni "chotto muzukashii", yaani ni gumu kidogo.

Hapo ndipo tulipopotezana. Kwetu mtu akikuambia kwamba jambo ni gumu kidogo, amekukaribisha uendelee kuongea. Amekuonyesha mlango ulioegeshwa na anasubiri kuona kama una nguvu ya kuusukuma. Huku Japani, na nimekwisha kukaa hapa muda wa kutosha kustahili kulijua hili, maneno hayo ni mlango uliofungwa kwa komeo, na anayeyasema anatumaini kwamba utaondoka kabla hamjaaibishana. Mimi kwa hasira nikasahau yote niliyofundishwa darasani, nikaendelea kusukuma. Nilieleza kuhusu safari ya mke wangu, nikaeleza kuhusu ndege mbili alizopanda, nikagusia hata umri wa ndoa yetu. Kila nilipomaliza aliinama chini zaidi na kuomba radhi upya, wala hakukuwa na chumba, kwa kuwa msimu wa momiji ulikuwa umejaza kila kitanda cha mji ule. Nafikiri tulisimama pale dakika ishirini. Ningependelea anifokee, kwa sababu mtu anayekufokea unaweza kumjibu.

Nikirudi chumbani nilikumbuka kwamba huu ndio mji ambao mwaka 2024 utawala wake ulitundika wavu mweusi wa kimo cha mita 2.5 na urefu wa mita 20 kando ya barabara, ili kuwazuia watalii waliokuwa wakijazana kupiga picha ya Fuji ukichomoza juu ya paa la duka la Lawson. Wavu ule uliondolewa mwezi Agosti mwaka huohuo. Nikajisemea kwamba wenzangu wale angalau walizuiliwa kuuona mlima bure, ilhali mimi nimezuiliwa kwa malipo, tena kwa kichwa.

Chakula cha jioni sitakisema vibaya hata nikilazimishwa. Huletwa kwa saa maalumu, na aliyechelewa amechelewa. Mama mtu mzima aliyetuhudumia alikuwa ametusubiri mlangoni akitazama saa huku akijitahidi asionekane kuitazama. Kati ya vibakuli vingi ambavyo sitavihesabu kulikuwa na hoto, chakula cha mkoa huu wa Yamanashi: tambi pana za ngano zilizochemshwa pamoja na boga na mboga katika mchuzi mzito wa miso, yaani soya iliyochachushwa, ndani ya chungu cha chuma kinachokuja mezani bado kinatokota. Mke wangu, ambaye hadi wakati huo alikuwa ameniambia mara tatu kwamba Wajapani hawajui kushibisha mtu, alinyamaza akala mpaka akafikia chini ya chungu. Wakati wa kulipia chai ya ziada nilitoa noti ya zamani ya yen 1,000, ile ambayo nyuma yake imechorwa Fuji ukijitazama katika maji ya ziwa Motosu, mke wangu akaishika, akasema kwamba angalau ameuona. Alicheka. Mimi sikucheka.

Usiku nilipata tumaini. Juu ya paa kulikuwa na mabafu mawili ya maji ya moto, la wanaume na la wanawake, na nilipoingia la wanaume nikagundua kwamba limeelekea kusini. Giza lilikuwa limekwisha kutanda na sikuona kitu zaidi ya taa za mji, lakini nilikaa katika maji yale nikapiga hesabu zangu: nitaamka kabla ya jua, nitapanda peke yangu, na ndani ya maji haya nitalipwa haki yangu yote. Nikalala kwenye futon, godoro la kutandika sakafuni, nikiwa karibu nimewasamehe.

Alfajiri nikapanda na taulo begani. Pazia fupi la buluu, alama ya wanaume, lilikuwa limehamia mlango wa pili, na mlangoni kwangu kulikuwa na pazia jekundu. Hoteli nyingi za namna hii hubadilishana mabafu usiku, ili wageni wa jinsia zote wapate kuonja yote mawili, na tangazo lake lilikuwa limebandikwa ndani ya lifti, mahali nilipopita mara nne bila kulisoma. Nikaoga nikilitazama ziwa. Ukuta mmoja tu ulitenganisha bafu letu na la wanawake, na kupitia ukuta ule nilisikia sauti ya mke wangu, mwanamke ambaye hapigi kelele hata timu yake inapofunga bao, akisema "Mungu wangu!" mara mbili.

Alitoka uso ukiwaka. Akanieleza kwamba jua lilipogusa theluji mlima wote uligeuka kuwa na rangi ya pinki, kuanzia kileleni kuteremka chini, na kwamba bibi mmoja wa Kijapani aliyekuwa naye majini alimshika mkono na wakautazama pamoja bila kujuana hata lugha. Nilimfurahia, Mungu ni shahidi, na nilikasirika, na sijui ni lipi lililotangulia.

Nikatoka nje kama nilivyo, na yukata yangu, vazi jepesi la pamba, na kandambili za ndani, jambo ambalo halifai, nikazunguka nyuma ya jengo. Na hapo, katika maegesho ya wafanyakazi, baina ya mapipa ya taka na gari la kubebea mashuka, nyaya za umeme zikiwa zimeukata mara mbili, Fuji ulikuwa umesimama mzima. Hakuna kilichoufunika. Ulikuwa mkubwa kuliko picha zote, na nilisahau kwamba halijoto ilikuwa imekaribia sifuri, hadi niliposikia kitu kizito kikitua mabegani mwangu. Alikuwa ni yule kijana wa mapokezi, ameniletea koti la pamba nene. Hakusema lolote kuhusu jana. Alisimama kando yangu mikono imepangwa mbele vilevile, na katika dakika zile chache nilikuwa tayari kuipa hoteli ile nyota tano na kuomba radhi kwa maandishi.

Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa siri ndogo, kwamba sisi wafanyakazi huwa tunautazamia hapa kila asubuhi.

Ndugu msomaji, kwa nini hakuniambia jana? Dakika ishirini tulizosimama tukiinamiana, sentensi moja tu, kwamba amka mapema uzunguke nyuma penye mapipa, ingetosha kumaliza shauri lote. Nafikiri kwake kumwelekeza mgeni aliyelipa kwenye mapipa ya taka kungekuwa dharau, na pengine ana haki. Mimi ningechukulia kuwa ni undugu. Nyota zikashuka hadi tatu palepale, koti likiwa bado mabegani.

Kwa anayepanga kwenda, kitu cha kutazama ni dira, wala asihangaike na idadi ya nyota. Anayetaka maji na mlima kwa pamoja alale ufuko wa kaskazini wa Kawaguchiko, kuelekea Oishi, akijua kwamba mabasi ya watalii huisha mapema jioni na kwamba baada ya hapo hakuna pa kwenda ila kulala. Yamanakako, ziwa kubwa kuliko maziwa yote matano ya chini ya Fuji, lina baridi zaidi na watu wachache zaidi. Rafiki yangu aliyewahi kulala Shojiko, dogo kuliko yote, anaapa kwamba hatalala kwingine, kwa sababu kutoka kule Fuji huonekana umempakata mlima mdogo wa Omuro kifuani, na wenyeji huuita Fuji uliopakata mtoto. Lakini yeye alikuwa na gari, na asiye na gari kule ni mfungwa. Anayebaki upande wa kusini kwa sababu ya kituo, kama nilivyobaki mimi, achague chumba cha mlima, aliache ziwa, kwa kuwa ziwa atalifikia kwa miguu yake mwenyewe.

Tulipolipa saa nne asubuhi, nilikuta kodi ya kuoga, yen 150 kwa kila mtu, na mke wangu akaninong'oneza kwamba yangu ningepaswa kurudishiwa. Tulipotoka waliinama wote mlangoni, yule kijana akiwa wa mwisho, wakaendelea kutupungia mikono mpaka tulipokata kona. Mimi pia nilipunga. Mke wangu anasema nyota tano na kwamba nisimharibie mtu kazi. Jana usiku nilifungua tena ukurasa wao nikiwa nimeamua kuwapa nne, na picha ile, yenye ziwa mbele na Fuji nyuma yake, bado ilikuwa palepale juu ya vyumba vya ziwa. Nimewapa mbili.