Mbao za Kulalia Boti Kwenye Trela: Ipi Ununue, Ipi Uiache

Ubao wa trela huanza kuoza chini ya kapeti inayoufunika, mahali jicho halifiki. Chukua bisibisi yenye ncha kali, ichokoe kwenye mwisho wa ubao na pembeni mwa kila tundu la bolti, kisha sukuma. Ikizama bila taabu, ubao huo umekwisha hata kama juu unaonekana mzima. Hizo ndizo sehemu zinazokunywa maji kwa wingi, maana nyuzi za mti zimekatwa na mishipa yake iko wazi.

Kabla hujaenda kununua mbao mpya, jiulize: boti ni ya faiba au ya alumini? Jibu linabadilisha mpangilio wote unaofuata, na muuza mbao hatakuuliza.

Sababu ni dawa. Mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia kuoza zina shaba ndani yake, kwa kuwa shaba huua kuvu. Zamani dawa iliyotumika sana ilichanganya shaba, kromiamu na aseniki. Nchini Marekani iliondolewa kwenye mbao za matumizi ya nyumbani mwishoni mwa 2003, na dawa zilizoshika nafasi yake zinategemea shaba zaidi kuliko ile ya mwanzo. Kwa faiba hilo si tatizo hata kidogo. Kwa alumini ni balaa. Shaba na alumini zikikutana kwenye unyevu, hasa wa maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Watu hudhani kapeti inatenganisha, lakini kapeti iliyolowa ndiyo inayobeba maji yenye shaba hadi kwenye tumbo la boti na kuyashikilia hapo siku nzima. Ukiinua boti ya namna hiyo utaona vishimo vidogo vyenye unga mweupe, vimejipanga sawasawa na mstari wa ubao. Vikiachwa hutoboa.

Baada ya hapo, hivi ndivyo ninavyozipanga.

1. Mbao ngumu zisizohitaji dawa

Mvule, mtiki, mwaloni mweupe. Hizi hupinga kuoza kwa asili yake, na kwa mwenye boti ya alumini ni chaguo la kwanza bila ubishi. Sharti ni ununue kiini cha mti. Sehemu ya pembeni, ile yenye rangi nyepesi karibu na gome, huoza haraka kama mbao nyingine yoyote, na muuzaji asiye makini atakuchanganyia. Kwenye mwaloni angalia pia aina: mweupe vinyweleo vyake vimeziba, mwekundu viko wazi na maji hupita ndani yake. Usikubali mmoja badala ya mwingine kwa sababu tu umeambiwa yote ni mialoni.

Kasoro yake ni bei na uzito, na zinahitaji kutobolewa kwanza kabla ya kutia skrubu, la sivyo zinapasuka.

2. Paini iliyotiwa dawa

Mwenye boti ya faiba na trela la chuma aanzie hapa, hana haja ya kulipia mbao ngumu. Ni nafuu, inapatikana kwa urahisi na hudumu miaka mingi. Lakini mara nyingi huuzwa ikiwa bado mbichi kwa maji ya dawa. Ukiifunga hivyo na kuivika kapeti, itajipinda ikikauka, na boti italalia kona moja badala ya ubao mzima. Ipange kivulini, weka vipande vya mbao katikati ili hewa ipite, na uzito juu yake, mpaka ikauke. Unapochagua, inua kila ubao usawa wa jicho na utazame kwa urefu: uliojisokota uache, wenye mafundo makubwa karibu na ukingo uache.

Dawa hiyohiyo hula skrubu na bolti za kawaida zilizopakwa zinki nyembamba inayong'aa. Tumia zilizochovywa kwenye zinki iliyoyeyushwa, au za chuma kisichoshika kutu. Kwa maji ya bahari, chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316. Kama trela lenyewe ni la alumini, mbao hizi zikae mbali nalo pia.

3. Mbao laini bila dawa

Zinafaa kwa boti ndogo ya alumini wakati mbao ngumu hazipatikani. Zipake mafuta au vanishi ya nje pande zote, ncha zake mara mbili au tatu, na ukubali kwamba utazibadilisha mapema. Mierezi hupinga kuoza vizuri ila ni laini na hupinda, kwa hiyo ni ya boti nyepesi tu.

4. Mihimili ya alumini yenye kofia ya plastiki

Haiozi kamwe. Iangalie plastiki ya juu kila msimu, maana ikilika, alumini itasugua boti.

5. Plastiki ngumu peke yake

Nimeiweka chini ingawa matangazo yake yanavutia. Ubao wa plastiki ya polithini nzito una takriban sehemu moja ya kumi tu ya uwezo wa paini kukataa kupinda. Ukiushikilia kwa mabano mawili (vyuma vinavyoshikilia ubao kwenye trela) yaliyo mbalimbali, huzama katikati polepole, jua linaongeza kasi, na hauinuki tena. Plastiki hii ina kazi nzuri, lakini kama utepe juu ya ubao au chuma, si kama mhimili.

Vya kuacha kabisa ni plaiwudi na mbao za sakafu za nje zinazochanganya unga wa mbao na plastiki. Plaiwudi, hata ya majini, hunywa maji kwenye kingo na matundu. Hizo nyingine zimeundwa kulala juu ya nguzo zilizokaribiana na kukanyagwa na watu, hazikuundwa kubeba boti na injini barabarani.

Vipimo havitaki kubuni. Pima ubao wa zamani na ununue unene na upana uleule, tena uangalie umekaa vipi. Ubao wa milimita 38 kwa 89 ukisimama kwa ukingo ni mgumu kupinda mara tano na zaidi kuliko ukilala bapa, basi usiubadilishe mlalo wake bila kubadilisha mabano. Urefu ndio muhimu kuliko vyote: ubao ufike hadi nyuma kabisa, chini ya ukuta unaofungwa injini. Ukiishia njiani, uzito wa injini utaning'inia na tumbo la boti litajikunja taratibu pale ubao unapokoma. Boti iliyojikunja hivyo hukimbia vibaya majini, na kuinyoosha ni kazi kubwa.

Kwa juu, kapeti ya polipropilini ndiyo ya kawaida, kwani yenyewe haiozi. Usiifunge chini yote; acha nafasi ubao upumue na maji yatoke. Pini za kuishikilia ziwe za chuma kisichoshika kutu na zipigwe ubavuni na chini, kamwe si juu. Tepe za plastiki huteleza sana kuliko kapeti, jambo zuri kwa boti nzito na kwenye maji ya kina kifupi. Ila ukizifunga, usifungue mkanda wa winchi wala mnyororo wa usalama mpaka nyuma ya boti iwe inaelea. Kwenye mteremko boti inaweza kuserereka na kudondoka kwenye zege kabla hujashika kitu.

Vichwa vya bolti vizame ndani ya ubao vya kutosha hata kapeti ikilika visiguse boti, na kila tundu ulipake mafuta au epoksi kabla ya kupitisha bolti. Badilisha upande mmoja kwa wakati, boti ikiwa majini, ili upande wa zamani ukupe kimo cha mabano. Ukimaliza, kaza nati tena baada ya safari chache za kwanza, kwa sababu ubao mpya husinyaa na bolti hulegea.